Groto la Rosebank: Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Kazi ya Vito Russo

Kila nikipeleka wageni kutoka nyumbani, Afrika Mashariki, kwenye groto (pango la sala lililojengwa kwa mikono) la Bikira Maria wa Mlima Karmeli, kule Rosebank, Staten Island, maswali huwa yale yale. Wengine hawajafika, wameona picha tu kwenye simu, wakaanza kuuliza. Nimeyakusanya hapa. Yale ya kichokozi nayo nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

Groto hili liko wapi, na ni kitu gani hasa?

Liko mtaa wa Amity, kitongoji cha Rosebank, upande wa mashariki wa kisiwa cha Staten, ndani ya Jiji la New York. Ukitafuta mnara wa kanisa utapotea, kwa sababu hapo si parokia. Ni kiwanja cha chama cha waumini walei (wasio mapadri wala watawa), chenye ukumbi wa mikutano wa kawaida kabisa, na kando yake ndipo lilipo groto: kazi ya mawe na zege yenye chumba cha katikati chenye sanamu ya Bikira Maria, na pande zake vijichumba na matundu ya ukutani yenye watakatifu wengine. Mtu wa Lamu angeyaita matundu hayo zidaka bila kufikiri mara mbili. Juu kumechongoka kama ngome ndogo, na misalaba imesimama kileleni. Mtaa wenyewe ni wa nyumba za watu, zenye magari mlangoni. Unakata kona, halafu unakutana nalo.

Vito Russo alikuwa nani?

Ndiye aliyelijenga groto: mhamiaji kutoka Sala Consilina, mji wa mlimani katika bonde la Vallo di Diano, mkoa wa Salerno, kusini mwa Italia. Alizaliwa 1885 na kufariki 1954. Hakuwa padri, hakuwa mchoraji wa makanisa, wala hakuwahi kuitwa msanii na wakosoaji wa sanaa enzi za uhai wake. Alikuwa mwanachama wa chama, baba wa familia, na mtu ambaye mikono yake haikutulia.

Alikuja Marekani katika wimbi lile kubwa. Kati ya 1880 na 1920 Waitaliano wapatao milioni nne waliingia nchi hiyo, wengi wao wakitoka kusini, ambako ardhi ilikuwa ya mabwana na kodi ilikuwa ya wakulima.

Kwa nini alilijenga?

Mwaka 1935 alifiwa na mwanawe wa mwisho, aliyeitwa Vito kama yeye. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Baada ya msiba huo Russo alizama zaidi katika sala, na mwaka 1937 kazi ya groto ikaanza.

Watu hupenda nimalizie hapo, kwa sababu hadithi inagusa. Lakini kuna jambo moja linalonivutia kuliko msiba wenyewe: huzuni ile hakuipeleka makaburini. Kama ingekuwa kumbukumbu ya mtoto tu, angejenga kaburi zuri na ingekuwa halali yake. Yeye aliijenga kwenye kiwanja cha chama, mahali ambapo kila mama wa Rosebank mwenye mgonjwa ndani angeweza kuingia na mshumaa wake.

Alijenga peke yake?

Hapana. Alisaidiwa na marafiki na wanachama wenzake. Mawazo na usimamizi vilikuwa vyake, ila mawe hayapandi ukutani yenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu kwenye mitandao utakuta picha zenye maelezo ya “mtu mmoja aliyejenga ngome kwa mikono yake”. Ni maneno matamu ya kuvutia watazamaji, lakini yanawanyima haki wale waliochanganya zege.

Mapambo yale ni ya kitu gani? Mbona yanang'aa?

Hapa ndipo wageni hukaa muda mrefu, na mimi pia. Mifupa ya jengo ni mawe ya kawaida na saruji. Ngozi yake sasa: kokoto laini zilizopangwa kwa safu, makombe ya baharini, gololi za watoto, vipande vya vioo, na vile vioo vyekundu vya nyuma ya baiskeli vinavyowaka gari likivimulika. Vitu ambavyo mtu mwingine angevifagia.

Ufundi wake ni wa kukimbizana na wakati. Unapaka saruji mbichi sehemu ndogo, kiasi cha kumaliza kabla haijakauka, kisha unakandamiza kombe au gololi moja baada ya nyingine. Ukichelewa, saruji inakataa. Ukiwahi mno, kitu kinazama au kinateleza. Kwa hiyo lazima uwe na ramani kichwani kabla ya kugusa mwiko, na vitu vyako viwe vimeshachambuliwa kwa rangi na ukubwa. Mwashi yeyote wa Buguruni au Kariobangi atakuelewa ukimweleza hivyo.

Na wazo la kupachika kitu king'aacho ukutani mwa mahali patakatifu si geni kwetu. Aliyeona makaburi ya nguzo ya Kunduchi au lile la Mambrui anajua jinsi mababu wa pwani walivyopachika mabakuli ya kaure kutoka Uchina kwenye chokaa. Sisemi kwamba Russo aliwahi kusikia habari za Mambrui. Ninachosema ni kwamba mpwani akisimama mbele ya groto hili hahitaji mtu wa kumtafsiria.

Alijifunza wapi?

Nyumbani. Kabla ya zege, Russo alikuwa akitengeneza altare za nyumbani kwa karatasi na vifaa vyepesi, za kusimamishwa wakati wa sikukuu kisha kubomolewa. Desturi hiyo imeenea kusini mwa Italia. Sikukuu ya mtakatifu ikikaribia, kona ya nyumba hugeuka kanisa dogo: vitambaa, maua, mishumaa, picha. Mara nyingi kina mama ndio wanaosimamia.

Ukilijua hilo, groto linaanza kusomeka. Safu zile za mapambo, ngazi zinazopanda kuelekea sanamu, kupenda kujaza kila nafasi: ile ni altare ya karatasi iliyogeuzwa jiwe. Tofauti ni kwamba hii haibomolewi sikukuu ikiisha.

Kwa nini groto, na si kikanisa cha kawaida?

Kuna majibu mawili, na yote ni kweli. La kwanza ni Lourdes, kule Ufaransa. Tangu Bernadette Soubirous aeleze alivyomwona Bikira Maria kwenye pango mwaka 1858, Wakatoliki ulimwenguni kote wamekuwa wakijenga nakala za pango lile. Sisi tunazo: waulize watu wa Kagera kuhusu hija ya Nyakijoga.

La pili ni la zamani zaidi. Kusini mwa Italia watu wamesali mapangoni tangu kale, hasa kwa heshima ya Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu. Pango lake la Monte Sant'Angelo, kwenye mlima Gargano, limepokea mahujaji kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtu wa kule haoni ajabu Mungu kukutana na watu ndani ya mwamba. Staten Island haikuwa na pango la kufaa, basi wakatengeneza la kwao.

Mlima Karmeli uko Haifa. Waitaliano wanahusikaje nao?

Swali zuri, na huulizwa sana na marafiki zangu Waislamu, ambao wanaijua habari ya Nabii Ilyas. Karmeli ndiko Eliya aliposhindana na manabii wa Baali. Pango linalohusishwa naye pale Haifa linaheshimiwa hadi leo na Wayahudi, Wakristo, Waislamu na Wadruzi.

Karne ya 12 ikielekea ya 13, wakaapweke Wakristo walikusanyika kwenye mlima huo. Hao ndio mwanzo wa shirika la Wakarmeli. Baadaye walihamia Ulaya pamoja na ibada yao kwa Bikira Maria. Mapokeo yao yanasema kwamba mwaka 1251 Bikira Maria alimtokea Simon Stock na kumpa skapulari. Ndiyo maana tarehe 16 Julai ikawa sikukuu, na ndiyo maana bibi zetu huvaa vile vitambaa viwili vya kahawia vilivyoungwa kwa uzi shingoni.

Napoli, kusini mwa Italia, ilimpokea Bikira huyu wa Karmeli kwa mikono miwili. Katika kanisa la Carmine Maggiore kuna picha yake iitwayo La Bruna, yaani mweusi-kahawia, na usiku wa tarehe 15 Julai mnara wa kanisa hilo “huchomwa” kwa fataki. Kutoka Napoli hadi mabonde ya Salerno si mbali. Wahamiaji walipopanda meli, yeye alikuwa tayari mtu wa nyumbani.

Chama chenyewe kilianzaje? Kwa nini wasiende tu kanisani kama watu wengine?

Kilianzishwa 1903. Ili kukielewa, sahau neno “chama” la siasa. Fikiria chama cha kufa na kuzikana. Mhamiaji hakuwa na bima wala ukoo wa kumlilia. Akianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nani amnunulie jeneza? Vyama kama hivi, vilivyokuwa kila mahali Waitaliano walipokaa, vilikusanya senti za kila mwezi, vikalisha wajane, vikazika wafu. Na kila chama kilikuwa na mtakatifu wake, mara nyingi yule wa kijiji walikotoka. Mtakatifu hakuwa pambo la katiba. Ndiye aliyekuwa anwani ya kijiji kilichobaki ng'ambo.

Sehemu ya pili ya swali ina uchungu kidogo. Kanisa Katoliki la New York wakati huo lilikuwa mikononi mwa mapadri na maaskofu wengi wenye asili ya Ireland, nao waliwatazama Waitaliano kwa jicho la pembeni: wanapiga muziki barabarani, wanabandika pesa kwenye sanamu, wanatembea peku kutimiza nadhiri. Angalia yaliyotokea Harlem Mashariki, huko huko New York. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1880, wahamiaji kutoka Polla walianzisha sikukuu ya Mlima Karmeli. Polla iko bonde lile lile la Vallo di Diano alikotoka Russo. Kanisa lilijengwa mtaa wa 115 mwaka 1884, Waitaliano wakichangia kwa jasho lao, halafu wakaambiwa wasali chini, kwenye chumba kilicho chini ya sakafu ya kanisa. Walikaa huko chini hadi 1919. Na katikati ya muda huo, 1904, sanamu yao ilivikwa taji kwa idhini ya Papa! Roma ilimtambua Mama huku watoto wake wakiwa chini ya sakafu.

Sasa fikiria mtu aliyekulia kwenye habari za namna hiyo. Akipata kiwanja ambacho ni mali ya wanachama, ambacho hakuna mtu wa kumwambia shuka ngazi, atajenga nini? Kwangu mimi hili linaeleza mahali lilipo groto kuliko maelezo yoyote ya sanaa.

Sikukuu huwaje?

Inatanguliwa na novena, yaani jioni tisa za kusali rozari mbele ya groto. Mwezi wa Julai New York ni moto na unyevunyevu kama Tanga, kwa hiyo watu hukaa nje bila shida, viti vya kukunja vikiwa vimepangwa uwanjani. Kilele ni tarehe 16: sanamu hutolewa na kuzungushwa mitaani kwa maandamano, na mishumaa humiminika.

Na kuna kula. Soseji za kuchoma, zeppole (maandazi ya kwao, yenye sukari ya unga juu), na kelele za watu waliohama mtaa zamani lakini hurudi siku hiyo. Mgeni aliyezoea Misa ya kimya anaweza kushtuka. Aliyezoea sherehe ya somo (mtakatifu msimamizi) wa parokia kule kwetu, pamoja na sufuria za pilau na spika zinazokoroma, atauliza tu sahani ziko wapi.

Huku si kuabudu sanamu?

Nimeulizwa na Wapentekoste, nimeulizwa na Waislamu, na mara moja na Mkatoliki mwenzangu aliyekuwa na njaa. Msimamo wa Kanisa ni wa zamani, uliwekwa wazi na Mtaguso wa Pili wa Nisea mwaka 787: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, sanamu huheshimiwa, na heshima hiyo humwendea yule anayewakilishwa. Kama jibu halikutoshi, sitalisukuma. Ila chunguza kitu kimoja: watu hawasimami pale kuitazama plasta. Wengi wamefumba macho.

Ni kitu kimoja na ile minara ya Watts, Los Angeles?

Ni ndugu, si pacha. Simon Rodia, naye mhamiaji kutoka Campania, alijenga minara yake kuanzia 1921 hadi 1954 kwa chuma, saruji, vigae vilivyovunjika, chupa na makombe. Mnara mrefu unafika karibu mita 30. Mkono unafanana kabisa. Lakini Rodia alijenga peke yake, kwenye kiwanja chake, na alipochoka akaondoka. Jiji likataka kubomoa, ikabidi mwaka 1959 minara ivutwe kwa mitambo ili kuthibitisha kwamba haitaanguka. Ilisimama.

Groto la Rosebank halikuhitaji kuokolewa na wasanii kutoka mbali. Fundi alipokufa, chama kilikuwepo.

Nani analitunza sasa?

Wanachama. Na kazi haiishi, kwa sababu adui mkubwa wa ukuta wa aina hii ni majira ya baridi. Maji hupenya kwenye ufa, huganda, huvimba, na asubuhi unakuta kombe limedondoka. Kila ukarabati huongeza kitu cha zama zake, ndiyo maana utaona maua ya plastiki na taa za umeme ambazo wapenda usafi wa sanaa huzikunjia uso. Mimi sizioni kama kasoro. Altare ya nyumbani nayo huongezewa kitu kila mwaka.

Mwaka 2000 groto liliingizwa kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria ya Marekani. Kilichotambuliwa hakikuwa umri wa mawe peke yake, bali pia ibada inayoendelea kufanyika pale.

Ni la Waitaliano tu?

Chama kina mizizi ya Kiitaliano, lakini lango halikuulizi jina la ukoo. Wakatoliki wa mataifa mengine hupita na kusali. Kule Harlem mabadiliko yamekuwa makubwa zaidi: Waitaliano wengi walihama, na kwa miongo sasa mahujaji wa Haiti hufurika kwenye sikukuu ya Julai, wakiimba Kikrioli mbele ya Mama yule yule aliyeletwa na watu wa Polla.

Waitaliano waliacha kazi kama hii Afrika Mashariki?

Ukishuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna kikanisa kidogo kando ya barabara. Kilijengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Matatu hupita kwa kasi na wengi hawakigundui. Hao hawakuwa wahamiaji na hawakuchagua kuja, kwa hiyo si habari moja na ya Russo. Lakini nilipokiona baada ya kuishi New York, nilisimama zaidi ya nilivyokusudia.

Naendaje?

Panda feri ya Staten Island kutoka kusini mwa Manhattan. Ni bure, huchukua kama dakika 25, na utaipita Sanamu ya Uhuru bila kulipa mtu. Ukifika St. George, chukua basi hadi Rosebank, kisha tembea. Ukiwa na muda, pitia nyumba ya Antonio Meucci, iliyo jirani, ambayo sasa ni makumbusho. Meucci ni yule Mwitaliano ambaye Baraza la Wawakilishi la Marekani lilimtambua mwaka 2002 kwa kazi yake katika ugunduzi wa simu, na aliwahi kumhifadhi Garibaldi, shujaa wa kuungana kwa Italia, chini ya paa lake.

Naruhusiwa kupiga picha?

Piga, ila ukikuta mtu anasali subiri amalize, na usimweke kwenye picha bila kumwomba. Hapo ni mali ya chama, si bustani ya jiji. Usibandue hata gololi moja. Mgeni wangu mmoja alitaka kuligusa kombe lililolegea “kuona kama litatoka”, nikamshika mkono.

Nikitaka kuacha nia yangu (ombi langu la sala) pale, nifanye nini?

Nunua mshumaa njiani, uuwashe pamoja na ile mingine utakayoikuta. Kama una picha ya mgonjwa au ya marehemu, utaona wengine walikoweka za kwao.